Jinsi ya kuchambua neno "fair" kabla ya kulitafsiri: maana zake, visawe vyake na pale linapotega

Msimu uliopita wa korosho binti mmoja anayefanya kazi ya ukarani ghalani alikuja kwenye steshenari yangu hapa Magomeni, Mtwara. Mkononi alikuwa na karatasi ya ukaguzi wa mzigo, yote kwa Kiingereza, na pembeni alikuwa ameshaandika Kiswahili chake kwa penseli. Kazi nzuri tu, isipokuwa mstari mmoja. Kwenye safu ya ubora mkaguzi aliandika "fair", naye chini yake akaweka "ya haki".

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba. Leta tuone."

"Mwalimu, korosho zinakuwaje za haki?"

Swali hilo ndilo linalomtofautisha mtafsiri na mtu anayebandika maneno. Alihisi jibu lake halikai, akalibeba mpaka kwa mtu wa kumuuliza. Tulikaa nalo karibu saa nzima, na niliyomwonyesha ndiyo ninayoyaandika hapa. Njia hii huitumia kwa neno lolote la Kiingereza lenye maana nyingi. Nimechagua "fair" kwa sababu ndilo linalonijia mara nyingi zaidi: kwenye mikataba, ripoti za shule, matangazo ya maonyesho na barua za wanunuzi.

Vifaa

Daftari, penseli na kamusi mbili. Ya kwanza iwe ya Kiingereza kwa Kiingereza, iliyotungwa kwa ajili ya watu wanaojifunza lugha, kwa sababu kamusi hizo hutoa sentensi za mfano kwa kila maana. Ya pili iwe ya Kiingereza kwa Kiswahili. Mimi natumia ile ya TUKI iliyotoka mwaka 1996, na jalada lake nimeshalishona mara mbili. Fungua kwa mpangilio huohuo. Ukianza na ya Kiswahili utachukua neno la kwanza unaloliona, na hapo umeshajifunga.

Programu ya kutafsiri kwenye simu siitaki mwanzoni mwa kazi. Mara nyingi ukiipa neno moja hukurudishia neno moja, wala haikwambii ni maana zipi imeziacha. Itumie mwisho, kwa kulinganisha.

Hatua ya 1: Nakili sentensi nzima

Usinakili neno peke yake. Kama lipo kwenye jedwali, nakili kichwa cha safu na maneno mengine yote yaliyotumika kwenye safu hiyo. Sababu utaiona hatua ya 4.

Hatua ya 2: Ni nomino, kivumishi au kielezi?

Likitanguliwa na "a" au "the" na baada yake hakuna nomino nyingine, basi lenyewe ni nomino. Likifuatwa na nomino, au likija baada ya "is" na wenzake, karibu kila mara ni kivumishi. Kielezi chake cha kawaida ni "fairly", nacho kina hatua yake huko mbele.

Hapohapo kagua herufi. "Fare" hutamkwa sawasawa na "fair" lakini ni nauli. Nimewahi kuona tangazo la basi limeandikwa "fair" penye nauli, na mtu aliyelitafsiri akaandika kwamba safari ni ya haki.

Hatua ya 3: Tafuta kitarakimu kidogo juu ya neno

Kamusi nyingi huandika "fair" mara mbili, kila moja na kitarakimu kidogo kilichopanda juu, 1 na 2. Wanafunzi wangu wengi hukiruka wakidhani ni alama ya chapa. Kitarakimu hicho kinakwambia kwamba haya ni maneno mawili tofauti yaliyokutana kwenye tahajia. Ndiyo ile homonimu tuliyofundishwa darasani, kama "kaa" la moto na "kaa" wa baharini. Polisemi ni jambo jingine: neno moja lililozaa maana nyingi.

"Fair" ya maonyesho ilitoka kwenye Kilatini "feria", sikukuu, ikapitia Kifaransa cha zamani hadi Uingereza. Sikukuu ndiyo iliyokusanya watu, na watu wakikusanyika biashara hufuata. Sisi wa huku tuna bahati moja. Wazee waliovuka Ruvuma kutoka Msumbiji wakati wa vita vya ukombozi, 1964 hadi 1974, bado wanalijua ndugu yake la Kireno, "feira", yaani soko au gulio. Ndilo hilohilo lililomo kwenye siku za wiki za Kireno: "segunda-feira" ni Jumatatu. Nilipomwambia binti, akakumbuka kwamba bibi yake hutaja siku hivyo. Tangu hapo maana hiyo haikumpotea tena.

Kwa Kiswahili utaiandika kulingana na tukio. "Trade fair" ni maonyesho ya biashara, kama Sabasaba kule Dar es Salaam. "Agricultural fair" ni maonyesho ya kilimo, kama Nanenane tunayoiendea viwanja vya Ngongo, Lindi. Lakini ukisoma hadithi ya Uingereza ya zamani, watu wanakwenda "fair" kuuza farasi na kununua vitambaa, usiandike maonyesho. Andika gulio au mnada. Mtaa wa Mayfair wa London ulipata jina lake kutokana na gulio la aina hiyo lililofanyika mwezi Mei.

Visawe vya hii ya nomino ni vichache: "exhibition", "show", "market" kwa zile za kale. Hapa hapana mtego mkubwa, tuendelee.

Hatua ya 4: Tafuta kinyume chake

Hapa ndipo penye kazi yenyewe, na nakuomba usome polepole.

Hiyo "fair" ya kivumishi ni neno la Kiingereza cha kale, "fæger", lililomaanisha zuri la kupendeza macho. Uzuri huo ulitawanyika. Upande mmoja ukawa usafi bila doa, kisha kutokuwa na hila, kisha haki. Upande mwingine ukafifia taratibu, kutoka "nzuri" hadi "ya kutosha" hadi "ya wastani". Upande wa tatu ukaenda kwenye rangi: nywele na ngozi nyeupe. Kwa hiyo maana zote ni ndugu wa tumbo moja, na ndiyo sababu ukilitazama neno lenyewe hutazitenganisha. Zitenganishe kwa vinyume.

Jiulize: kama mwandishi angetaka kusema kinyume kwenye sentensi hiihii, angetumia neno gani?

Jibu likiwa "unfair", uko kwenye haki. "A fair trial", "a fair share", "fair elections". Kesi isiyo na upendeleo, fungu analostahili mtu, uchaguzi wa haki.

Jibu likiwa "dark", uko kwenye rangi. "Fair hair" ni nywele zinazoelekea njano au dhahabu. "Fair skin" hutegemea nani anasemwa. Kwa Mzungu, ngozi nyeupe. Kwa mtu wa kwetu anayeelezwa hivyo kwa Kiingereza, huenda anayekusudiwa ni mweupe wa kwetu au hata maji ya kunde, na ukimwita "mweupe" bila kufikiri, msomaji atamwona mtu mwingine kabisa.

Jibu likiwa "foul", uko kwenye mchezo, hali ya hewa au upepo. Hili "foul" tunalijua wote, maana ndilo lililotupa faulo. Aliyewahi kukaa jukwaani kwenye uwanja wa mpira wa Nangwanda Sijaona akasikia watu wanapiga kelele "faulo!" ameshajua kinyume cha "fair play". Baharini ni hivyohivyo. "Fair wind" ni upepo unaofaa, na kufaa kwake hutegemea unakwenda wapi. Kwa jahazi linalotoka Mikindani kwenda Dar es Salaam, kusi ndio "fair". Kwa linaloshuka Msumbiji, kusi huohuo ni "foul" na linangoja kaskazi. Kisawe cha hapa ni "favourable". Ukiandika "upepo mzuri" bila kujua chombo kinaelekea wapi, baharia atakuuliza mzuri kwa nani.

Sasa ile iliyonila usiku mzima.

Miaka kadhaa iliyopita kikundi cha wakulima kiliniletea barua ya mnunuzi. Aliandika kwamba mzigo waliompelekea ni wa "fair quality", kisha akataja bei. Nikatafsiri "ubora mzuri". Wakaisoma kwenye mkutano, wakafurahi, kisha mzee mmoja akasimama akauliza, "Kama ni nzuri, mbona bei imeshuka?" Hakuna aliyemjibu. Wakairudisha barua kwangu, na mimi pia sikuwa na jibu. Nilikaa na kamusi mpaka adhana ya alfajiri. Nilikuwa nimetafuta kinyume nikapata "unfair", haikukaa, "dark", haikukaa, "foul", ikakaribia lakini hakuna anayesema "foul quality" kwenye barua ya biashara.

Nilichokuja kukiona ni kwamba "fair" hii haina kinyume. Imekaa kwenye ngazi. Juu yake kuna "good", na juu ya "good" kuna "very good" au "excellent". Chini yake kuna "poor". Ukitafuta kinyume ukakikosa, acha kutafuta kinyume, tafuta majirani: nani yuko juu yake, nani yuko chini yake. Mnunuzi alikuwa akisema mzigo wenu si mbovu lakini haujafika uzuri. Bei ilikuwa imeshuka kwa sababu hiyo, na mzee yule alikuwa ameitafsiri barua vizuri kuliko mimi bila kujua Kiingereza.

Ndiyo maana hatua ya 1 nilikutaka unakili safu nzima. Karatasi ya binti ilikuwa na mistari sita. Mitatu iliandikwa "good", mmoja "poor", miwili "fair". Ngazi ilikuwa imeandikwa mbele yake yote. Laiti angeitazama safu badala ya neno, angemaliza peke yake.

Lakini angalia tahadhari hizi, maana ngazi nayo ina vipengele.

Kwanza, ngazi hubadilika kwa kila fani. Kwenye ripoti za baadhi ya shule "fair" iko chini ya "good", na mzazi anayesomewa "mwanao yuko vizuri" amedanganywa bila mtu kukusudia. Mwambie "anajitahidi kiasi" au "wastani". Kwenye hospitali za Marekani mgonjwa aliye "fair" ana fahamu na dalili zake za uhai ni imara, ingawa anaweza kuwa na maumivu. Chini yake kuna "serious" na "critical". Hapo "wastani" haifai. Andika "hali yake si mbaya" au "anaendelea kutulia".

Pili, usichanganye ubora na bei. "Fair quality" ni ngazi. "Fair price" ni haki, kinyume chake "unfair price". Sentensi moja inaweza kubeba zote mbili: "a fair price for fair quality". Hiyo ni bei ya haki kwa ubora wa wastani. Ukitumia neno moja la Kiswahili mara mbili umeharibu.

Tatu, kuna "fair average quality", inayofupishwa FAQ kwenye biashara ya mazao kama kahawa na nafaka. Maana yake ni ubora wa kawaida wa mazao ya aina hiyo, kutoka mahali hapo, kwa msimu huo. Hapo "fair" imeganda pamoja na wenzake, usiichambue peke yake. Na kwenye korosho ghafi, ukitaka kujua ubora kwa uhakika usitegemee vivumishi hata kidogo, tafuta tarakimu. Wanapima kiini kinachopatikana kwenye gunia la kilo 80, kwa ratili. Tarakimu hiyo haihitaji mtafsiri.

Nne, kiasi. "A fair amount", "a fair number", "a fair distance". Hii imetoka kwenye ngazi lakini imeelekea juu: ni kingi, ingawa si kingi mno. Kiswahili kina neno lake zuri, "si haba". Watu waliokuja si haba. Ila usilipeleke "si haba" kwenye ubora wa mzigo, kwa sababu kwetu "si haba" hubeba sifa na shukrani, na mkaguzi hakuwa anashukuru.

Hatua ya 5: Sasa tafuta visawe, kwa kila maana peke yake

Watu hufanya hatua hii kwanza. Hufungua tesauri, yaani kitabu cha visawe, hukuta orodha ndefu, hunakili yote kwenye daftari chini ya neno "fair". Peter Mark Roget, daktari wa London aliyechapisha tesauri yake mwaka 1852, alipanga maneno kufuata mawazo na si kufuata alifabeti, na alikuwa na sababu. Kisawe ni cha maana, si cha neno. "Blond" ni kisawe cha "fair" na "impartial" ni kisawe cha "fair", lakini "blond" na "impartial" hazijuani.

Kipimo ni kubadilisha. Toa "fair" kwenye sentensi, weka kisawe, soma kwa sauti. Kikikaa, kiandike chini ya maana hiyo tu.

Kwenye rangi: "light", "blond". Kwenye hali ya hewa: "fine", "clear". Kwenye ngazi: "moderate", "average", "middling". Kwenye uzuri wa kale: "beautiful", "lovely", "fair lady" ya hadithi ni bibi mrembo, na siku hizi hakuna mtu anayesema hivyo mtaani.

Kwenye haki visawe vinafanana kwa mbali na kutofautiana kwa karibu. "Impartial" ni ya hakimu, refa, mkaguzi: asiyeegemea upande. "Just" ni nzito zaidi, ya sheria na maadili. Huweza kusemwa juu ya vita au adhabu. "Reasonable" hukaa na bei na madai, na Kiswahili chake ni "ya kiasi". "Equitable" ni ya karatasi za ofisini, na maana yake kila mtu kwa stahili yake.

"Equal" si kisawe cha "fair", na hapa nasisitiza kwa sababu Kiswahili chetu kinatuponza: tunasema "sawa" kwa yote. Chukua watu wawili wenye shamba la pamoja la mbaazi. Mmoja alilima, akapanda, akapalilia. Mwingine alikuja siku ya kuvuna. Wakigawana gunia kumi kwa tano na tano, mgao ni "equal". Kama ni "fair", waulize majirani. Nilimwambia binti aandike sentensi mbili za mfano huu kwenye daftari lake, na hata wewe fanya hivyo.

Hatua ya 6: "Fairly"

Tazama linakaa wapi. Likitangulia kivumishi au kielezi kingine, ni ngazi: "fairly good" ni nzuri kiasi. Likifuata kitendo, ni haki: "they divided it fairly", waligawana kwa haki. Basi.

Hatua ya 7: Misemo iliyoganda

Hii usiichambue, ijifunze nzimanzima. "Fair enough" ni "haya, nimekubali" au "sawa basi". "To be fair" mwanzoni mwa sentensi ni "tuseme ukweli", mara nyingi mtu anapotaka kumtetea aliyelaumiwa. "Fair copy" ni nakala safi baada ya masahihisho. "Fair-weather friend" ni rafiki wa wakati wa raha. Msomaji wa Kiswahili ataelewa mara moja ukimkumbusha kwamba akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki.

Hatua ya 8: Msomee mtu asiyejua Kiingereza

Mimi humsomea mama anayeuza maandazi mbele ya duka langu. Hampendelei mtu. Akikunja uso, narudi hatua ya 4.

Karatasi ya binti ilitoka imeandikwa "ubora: wastani" kwenye mistari yote miwili. Alipomsomea yule mama, hakukunja uso, aliuliza tu wastani wa nini, na binti akaongeza neno "wa kiini". Wiki iliyofuata akarudi na karatasi nyingine. Safari hii neno lilikuwa "sound", limekaa kando ya idadi ya korosho, nalo halikuhusu sauti. Alikuwa ameshanakili safu nzima kwenye daftari, na pembeni, kwa penseli, ameandika kinyume chake: "mbovu". Akaniuliza kama "nzima" inatosha.